Chiriku Aliyeshuka Jukwaani

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chiriku, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa pili wa seremala na muuguzi. Mama akimtuma kuosha vyombo, alimsikiliza kutoka chumbani: wimbo ukikatika, anajua vyombo vimeachwa na mtoto yuko barabarani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984. Hesabu zilimpiga chenga, ila mwalimu wa kwaya alimng'ang'ania.

Mwaka 1987 alirekodi wimbo wake wa kwanza, na tangu hapo hakuwa wetu tena. Sura yake ilibandikwa kwenye sabuni, hata kwenye makopo ya rangi. Juni 1996 mama alifariki. Tulizika Ijumaa, Jumamosi meneja wake alikuwa mlangoni.

"Dada, pole sana. Lakini watu wameshakata tiketi."

Akaenda, akaimba, akacheza. Aliporudi aliketi jikoni bila hata kuvua viatu vya jukwaani, akasema, "Nimewachekea watu, na udongo wa mama bado mbichi." Mwezi uliofuata alinyoa nywele, akahamia mji mwingine, akaajiriwa kwa dobi kupiga pasi.

Huko alikutana na shemeji yetu, fundi friji. Alipomwambia kwamba aliwahi kuimba, alijibiwa, "Nani hajawahi kuimba bafuni?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti mmoja. Lakini kampuni iliyokuwa ikirekodi nyimbo zake ilimsaka arudi jukwaani, wapiga picha wakamfuata hadi getini, familia ikawa ya kuhamahama. Nyumbani hakuimba kabisa, akihofia majirani wasije wakamtambua. Binti yake aliijua sauti ile kwa kuisikia redioni tu.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Daktari, ambaye naye alikuwa shabiki wake, alishindwa kumtazama usoni akimweleza kwamba upasuaji ungeondoa sauti yote.

"Toa, daktari," alisema. "Labda sasa wataniacha."

Na kweli, walimwacha. Kisha mjukuu akazaliwa. Alimpakata, akafungua kinywa ambembeleze, ikatoka pumzi tupu. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akageukia ukutani. 

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mjukuu na sisi ndugu zake watatu. Dada, hakuna tena anayekusubiri jukwaani. Pumzika kwa amani.