Deolinda Carapeto na Manowari ya Santa Quitéria

Wasikilizaji wapendwa, leo hapa Alvarim bendera zinapepea nusu mlingoti. Deolinda Carapeto ametutoka. Amefariki Jumapili nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, akiwa na miaka themanini na minne. Deolinda, fundi kalafati. Deolinda, mwanamke aliyeiokoa manowari yetu, Santa Quitéria.

Manowari ile ilijengwa papa hapa, kwa mwaloni wa vilima vyetu, na mikono iliyopigilia mbao zake ilikuwa ya mababu zetu. Milingoti mitatu. Mizinga hamsini. Iliwafukuza maharamia hadi pwani ya Brazili. Mwaka mmoja dhoruba iliivunja milingoti miwili, manowari ikarudi nyumbani kwa tanga moja tu, tanga lililoshonwa kwa mablanketi ya mabaharia. Ilipozeeka ikawa shule ya watoto yatima. Kisha ikaungua. Ikalala matopeni mbele ya mji, nusu yake mkaa, shakwe wakitaga ndani. Watu wakaiita Ajuza.

Deolinda alikua akiitazama dirishani. Baba yake, mzee Eurico, alikuwa fundi kalafati, kazi yake kuziba nyufa za mbao za meli kwa katani na lami. Baltasar, mwanawe wa kwanza, hakuitaka kazi hiyo. Alikimbilia boti za injini. Nyundo ikaenda kwa Deolinda. Wanaume wa gatini wakamtania.

"We Linda, sufuria zinavuja nyumbani, nenda kazibe!"

"Leteni vichwa vyenu kwanza," akawajibu. "Ndivyo vinavyovuja."

Basi serikali ikatoa amri. Gati jipya linakuja, Ajuza ikatwe iwe kuni. Deolinda alikuwa hajafika arobaini. Alisimama mkutanoni, akauliza: "Ikielea mpaka ufukwe wa karakana ya zamani, mtatuachia?"

Afisa akacheka. "Ikielea, bibi, ni yenu."

Majira yote ya baridi alifanya kazi na majirani zake wanawake. Maji yakipwa wanaingia, yakijaa wanatoka. Binti yake, Zulmira, anakumbuka: "Mama alinuka lami hata kanisani. Padri akipita anapiga chafya. Mama anamwambia, 'Padri, huo ndio ubani wangu.'"

Ilibaki boti ya kuivuta. Baltasar alikuwa nayo, lakini alishasema mbele ya watu: "Mimi sivuti maiti." Asubuhi ya maji ya bamvua, yanayojaa kuliko siku zote, akatokea. Amenuna.

"Usinishukuru," akamwambia dada yake. "Nimekuja kuwaokoa mkizama."

Maji yakapanda. Ajuza ikajinyanyua topeni. Kengele za kanisa zikalia, wasikilizaji wapendwa, na watu wazima wakalia pia.

Katikati ya mkondo, ubao mmoja wa ubavuni ukafumuka. Maji yakaingia kwa kishindo. Manowari ikalala upande. Kama ingezama, kamba ingeivuta boti ya Baltasar chini pamoja nayo. Akashika shoka.

"Linda, toka! Nakata kamba!"

Sauti ikatoka tumboni mwa meli: "Kata, kaka! Lakini mimi sitoki!"

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Wenzake wanapiga pampu, yeye anashindilia katani, na katani ilipokwisha akavua koti lake akalishindilia pia. Baltasar alituambia hapa redioni: "Shoka nilikuwa nimeliinua. Nikasikia nyundo yake mle ndani. Ko, ko, ko. Nikajiambia, ikinyamaza nakata. Haikunyamaza."

Basi akageuza usukani, injini ikatapika moshi, akaiburuta Ajuza mpaka ikapanda mchanga wa karakana. Deolinda akatoka mweusi kwa lami, meno yakigongana. Kaka yake akavua koti lake, akamvika.

"We mwanamke una wazimu."

"Na wewe umenuna bure tangu asubuhi."

Wakakumbatiana huku wanacheka, na Baltasar hakutaka watu wamwone machozi.

Ilielea. Ikawa yetu. Miaka ikapita, milingoti ikasimamishwa, matanga yakashonwa. Leo Santa Quitéria imesimama gatini, na kila mtoto wa Alvarim amepanda sitaha yake.

Kwako Zulmira, kwako mzee Baltasar, kwenu wajukuu: poleni sana. Msiba huu ni wa mji mzima. Nasi tuliobaki tujiulize, ni kitu gani tunapita kando yake kila siku, tumekwisha kukihukumu kuwa kuni?

Mazishi ni kesho, saa tano asubuhi. Jeneza likipita gatini, Santa Quitéria itapiga mzinga mmoja. Mzinga huo haujawahi kupigwa kwa heshima ya mtu asiyevaa sare. Kesho utapigwa kwa fundi kalafati. Mtoto akishtuka, mwambieni huyo anayeagwa ni nani. Mwambieni kwa sauti: Deolinda Carapeto.