Maisha ya Specioza Ngassa, Aliyetenganisha Kifua Kikuu na Sumu

Ndugu waombolezaji, kabla hatujampeleka dada yetu makaburini, familia inaomba mtulie kidogo msikie alivyoishi.

Specioza Ngassa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kiloleli, Busega, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari na uuguzi mjini Mwanza, na mwaka 1991 akaanza kazi Bariadi. Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Josia Nyanda, Mungu akawajalia watoto wawili, Monika na Selestini.

Mwaka 2013 aliingia katika utafiti wa kutenganisha vifo vya kifua kikuu na vile vya sumu, kazi iliyomtaka aende kwenye nyumba zilizofiwa, akae chini na wafiwa, aulize marehemu aliugua vipi, na mara nyingi alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

Juni 2016 alifika Zagayu, nyumbani kwa Shija, ambaye kaka zake wawili walikuwa wamekufa kwa kukohoa, ukoo ukasema mama yao wa kambo, Nyanjige, ndiye aliyewalisha sumu, na siku ya kumfukuza ilikuwa imeshapangwa. Specioza aliwasikiliza hadi mwisho, akaona Shija naye amekonda na anakohoa, akamwambia, "Baba, sikatai kwamba sumu inaua, nimeona watoto waliokunywa dawa ya kuulia wadudu wa pamba kwenye chupa ya soda, lakini hao hawakukohoa miezi, walikufa siku ile ile. Twende tukapime makohozi, na huyu mayu, mama yenu, mwacheni hapa mpaka majibu yatoke." Wazee walinung'unika, wakakubali, majibu yakaonyesha kifua kikuu, Shija akameza dawa hadi akapona, na muda wote huo aliyempikia ni Nyanjige. Leo wote wawili wako hapa, Shija ni mmoja wa waliochimba kaburi.

Mei 2024 Specioza aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Bariadi na Mwanza, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025. Wiki ya mwisho alimwambia Josia, "Nikifa, tajeni ugonjwa wangu mbele ya watu, msimtafute mchawi," nasi tumeutaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotuchotea maji na kulala nasi msibani, na wenzake wa utafiti waliokuja kumtazama hata pale aliposhindwa kuongea.

Pumzika kwa amani, dada yetu, hakuna mtu tunayemlaumu kwa kifo chako.