Maji ya Baba Winnie

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Huyu tunayemsindikiza ni Revocatus Mashimba, aliyezaliwa Machi 14, 1957 huko Busisi, mtoto wa tatu wa mzee Mashimba Ndalahwa, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1972, kisha akavuka kwa kivuko kuja Kigongo na kuingia mjini kutafuta maisha.

Septemba 8, 1984 alifunga ndoa na Teodora, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Winnie, ambaye sasa ni muuguzi Mtwara. Mwaka 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha minofu, akapasua sangara hadi alipostaafu mwaka 2017, ndipo akanunua tangi la kioo na kufuga samaki wa mapambo sebuleni kwake Buzuruga. Tulimcheka jamani, Msukuma gani anafuga samaki asiyeliwa! Alitujibu kwamba wale aliowapasua wanatosha.

Teodora alitangulia mwaka 2019, nyumba ikapoa, ikabaki simu ya kila Jumapili kutoka kwa Winnie, ambaye baada ya shikamoo aliuliza habari za samaki, na baba mtu, asiyejua kusema ya moyoni, akapata la kuongea mpaka salio linakatika.

Januari 2025 moyo ulimsumbua, akalazwa. Akina mama wa jumuiya, kama ilivyo desturi yetu, walikwenda kumsafishia nyumba ili mgonjwa arudi pasafi, wakamwaga maji ya zamani ya tangi, wakasugua vioo, wakafua sponji ya chujio kwa sabuni hadi ikatakata, wakawarudisha samaki kwenye maji mapya ya bomba. Hawakujua, na nani angewaambia, kwamba katika ule utelezi wa sponji na vioo huishi vijidudu visivyoonekana, na ndivyo vinavyokula sumu ya uchafu wa samaki. Aliporudi, Februari 3, aliwakuta samaki wote wanaelea. Akina mama walilia, naye akawatuliza kwamba aliyekufagilia nyumba hana kosa.

Akaanza upya, peke yake, akajaza maji, kila siku akatupia chembe ya chakula ioze, vijidudu vipate cha kula na kuzaliana, maana samaki akiingia kabla havijazaliana haishi. Mgeni alionyeshwa maji matupu, akitoka anasema mzee kachanganyikiwa, na wageni wakapungua. Winnie alipouliza, aliambiwa samaki hawajambo, tena wanakua. Mzee alimwambia jirani yake Gladness kwamba anaogopa, samaki wakiisha, simu nayo itaisha. Aliaga dunia Machi 23, tangi likiwa bado halina samaki hata mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kiwandani, na ninyi akina mama wa jumuiya, msijilaumu hata kidogo. Winnie alifika juzi akakuta maji yale, ameshindwa kusimama hapa, ametuomba tumsemee kwa baba yake: samaki yeye hakuwahi kuwajali, aliwaulizia kwa sababu ndiyo habari pekee iliyomfanya baba aendelee kuongea, na angepiga simu hata bila samaki.

Pumzika, baba Winnie, kwa amani.