Honi Mbele ya Geti Langu

Ndugu zangu wa kamati hii, nianze kwa kuwaambia ni mtu wa aina gani anasimama hapa. Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimepinduka na mashua nje ya Usenge nikafika ufukoni nimekumbatia dumu la mafuta. Nimelala juu ya miwa kwenye trela kule Muhoroni, mvua ikininyeshea, nikaamka nikafanya kazi. Shule niliacha darasa la tano. Leo nina mashine mbili za kusaga omena, wale dagaa wa ziwani, wa chakula cha kuku, nina lori, na kutoka Asembo Bay mpaka kwetu nyumba yenye ngazi ni moja tu. Ni yangu. Mwalimu aliyenichapa ameshanunua chakula cha kuku kwangu, na sikumpunguzia bei.

Sikusaidiwa na mtu. Hilo ndilo neno nililopenda kusema kila mahali, kwenye harusi, kanisani, hata kwa kinyozi.

Mmeniita niwaeleze sheria yetu ya kelele kwa sababu na ninyi mnataka kuweka yenu. Nimesikia pale mlangoni mkisema stage ya hapa, kituo cha bodaboda, imewashinda, vijana wanatukana wasichana na kukojolea kuta. Nayajua hayo. Nitawaeleza, lakini mnivumilie, kwa sababu hadithi yenyewe inapita mahali pabaya kidogo.

Stage ya bodaboda ya kwetu ilikuwa mbele ya geti langu. Niliijenga nyumba pale kwa sababu niliona watu, na mfanyabiashara anafuata watu. Baadaye watu wale wale wakanichosha. Alfajiri kabla jogoo hajawika, piii! Kijana anaita abiria. Mwingine anamjibu, piii! Wa tatu anavumisha injini bila kwenda popote. Miraa wanatema kwenye ukuta wangu, ukuta wa mawe ya kuchongwa! Msichana akipita na sare ya shule, maneno wanayomwambia siwezi kuyarudia hapa mbele ya akina mama.

Niliwaambia mwenyewe kwanza. Nilisimama juu kwenye baraza ya ghorofa nikapiga kelele, "Nyinyi hamna kwenu?"

Mmoja akanijibu, "Kwetu hakuna kivuli, Jaduong'. Kivuli kiko kwako!" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jaduong' ni mzee, mtu wa heshima, lakini ukilisikia neno lile kwa sauti ile unajua heshima imebaki nyumbani.

Nikaenda kwa askari wa kaunti. Wakaja na gari, wakapakia pikipiki. Vijana wakatawanyika, mimi nikanywa chai yangu kwa raha. Pikipiki zikakombolewa, zikarudi, na sasa vijana walikuwa na hasira na madeni. Kelele ikaongezeka. Nawaambia hivi mjue: gari la kaunti linabeba pikipiki, tabia linaiacha pale pale.

Ndipo naibu wa chifu akaita baraza. Nimsifu mtu yule, ingawa siku hiyo sikumpenda. Alituketisha, vijana upande mmoja, sisi wenye nyumba na maduka upande wa pili, akasema hakuna mtu atakayeondoka mpaka tuelewane. Tukaelewana karibu yote. Matusi kwa wasichana, hapana. Kukojoa ovyo, hapana, na kanisa likakubali vijana watumie choo chake. Miziki na honi kutoka kwenye daraja mpaka kanisani, hapana. Atakayevunja atalipa faini shilingi mia tano kwa kamati ya nyumba kumi, ile ya majirani, pesa ziende kwa taa ya sokoni. Mama mmoja anayekaanga samaki akachaguliwa kuziweka.

Mwenyekiti wa stage akainua mkono. Kijana mtulivu, si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Tumekubali yote, Mzee. Tunaomba tu tukiwa na maiti turuhusiwe honi."

Ninyi wa huku mnajua, lakini kuna wageni nawaona. Kwetu mtu akifariki, vijana wa bodaboda wanafunga matawi kwenye pikipiki, wanakwenda kumpokea barabara kuu. Wanamleta na honi mpaka nyumbani, kila boma njiani watu watoke wajue ni nani anapita. Mtu akiletwa kimya, watu watauliza, huyu hakuwa na watu?

Baraza zima lilikuwa tayari kukubali. Mimi nikasimama. Nikasema, "Hakuna. Mkifungua mlango huo, kila siku kutakuwa na maiti. Sheria ni ya watu wote bila ubaguzi. Hata ni mtu wa kwangu, hata ni mimi mwenyewe nimelala kwenye sanduku!"

Nilisema vizuri sana, ndugu zangu. Watu wengine walinipigia makofi. Naibu wa chifu aliniangalia kidogo, akauliza, "Una hakika, Mzee?" Nikamwambia andika. Akaandika.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale juu. Alikuwa ameshaanza kuumwa, miguu inamvimba, ngazi haziwezi vizuri. Nikamweleza nilivyoshinda. Hakunipongeza. Akasema, "Baba, wewe unasikia kelele. Mimi pale nasikia watu."

Kumbe mwenzangu alijua kila honi ni ya nani! Ile ndefu ni ya mtoto wa fundi, amepata abiria wa mbali. Ile ya kukatika katika ni ya yule ambaye betri yake imechoka. Na wao walimjua. Walimwita Mama. Alikuwa akiwashushia uji kwenye kindoo kilichofungwa kamba, wanakunywa, kindoo kinapanda. Mimi niliishi nyumba hiyo hiyo na sikuwahi kukiona kindoo kikishuka. Nilikuwa kwa mashine.

Sheria ikafanya kazi, na niseme wazi, ilifanya kazi sana. Vijana wakahama wakaenda kusimama ng'ambo ya daraja, mahali wanapoweza kupiga honi. Abiria wakawafuata. Mama wa mboga akafuata abiria. Muuza maandazi akafuata mama wa mboga. Nilipata kimya nilichokitafuta, kimya cha kuweza kusikia mabati yakilia jua likipanda. Mgeni wetu wa kila siku akawa kuku wa jirani.

Mke wangu akashusha kindoo siku ya kwanza, akakipandisha na uji wake. Sikumwona akikishusha tena.

Watu hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Walinisalimia, "Habari, Mzee," wanapita, miguu haisimami. Kwa kinyozi, nikiingia, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Kisha mke wangu akalazwa Kisumu, nikawa naenda kumwona mchana, narudi kwenye nyumba ile kubwa. Unajua kula ukiwa umesimama? Mtu anakula samaki jikoni amesimama, kwa sababu akikaa mezani ataona viti. Nikawasha redio nisikie binadamu. Nikaipunguza. Niliogopa itasikika nje, nipigwe faini ya sheria yangu.

Siku moja hospitalini aliniuliza, "Vijana wanasimama wapi siku hizi?" Nikajua anauliza nini. Nikamwambia ng'ambo ya daraja. Akasema, "Ni mbali, hata upepo hauwezi kuleta." Akafumba macho, akasema tena, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Nikirudi nitawasikia tu."

Hakurudi kwa miguu yake.

Siku ya kumleta nilikaa mbele kwenye gari la maiti, karibu na dereva. Nilikuwa nimenunua sanduku zuri kuliko yote dukani pale, maanake ndivyo nilivyojua kulia. Moyoni niliogopa kitu kimoja tu: kwamba tutafika barabara kuu na hakuna mtu. Kwamba mwanamke yule ataingia nyumbani kama mzigo wa lori kwa sababu ya mume wake.

Tukafika kwenye njia panda. Ndugu zangu, walikuwepo! Walijaa pande zote mbili za barabara, matawi mabichi yamefungwa mbele na nyuma. Gari lilipokata kona honi zote zikalia kwa pamoja, na mimi niliyewaambia hakuna kitu kinaweza kunishangaza, nilishika mlango wa gari. Watu wakatoka kwenye maboma. Akina mama wakavua vitambaa vya kichwa wakapunga. Watoto wakakimbia kando ya barabara. Nikasema, asikie sasa, asikie.

Tukafika daraja. Kimya.

Kilikuja mara moja, kama mtu amekata waya. Nikadhani wamerudi. Nikageuza shingo. Hawakuwa wamerudi. Walikuwa wamezima injini, wote, wameshuka, wanasukuma pikipiki kwa mikono kupanda ule mlima mdogo unaokuja kwangu. Jasho linawatoka. Nilichosikia ni matairi juu ya udongo wa murram na majani ya matawi yakisuguana.

Dereva akauliza, "Mzee, kuna shida?" Nikamwambia asimamishe gari.

Nikashuka, nikaenda kwa mwenyekiti wa stage. "Mbona mmenyamaza?"

"Tumevuka daraja, Jaduong'."

Safari hii neno lilikuja na heshima yake yote.

"Najua tumevuka daraja. Pigeni honi."

"Sheria, Mzee."

"Sheria gani? Huyu si Mama yenu?"

"Ndiyo maana tunasukuma," akasema. "Ulisema bila ubaguzi, na sisi tulikubali mbele ya chifu. Hatutaki Mama aingie kwake na kesi."

Nikawaangalia nyuso. Nilitafuta mmoja anayecheka. Ningemwona ningepigana naye na ingekuwa kazi rahisi. Hakuna aliyecheka. Yule wa betri iliyochoka alikuwa analia, ameegemea mkono wa pikipiki.

Naibu wa chifu alikuwa nyuma na waombolezaji. Nikamwambia, "Bwana, waamuru wapige." Akajibu polepole, "Siwezi kuvunja sheria ya baraza hapa barabarani kwa sababu ya mtu mmoja, Mzee. Ningeivunja kwako, kesho ningeivunja kwa nani?"

Nikamgeukia yule mama wa samaki anayeweka faini. "Mama, sema neno."

"Shemeji," akaniambia, "sisi sote tunaogopa mia tano. Wewe je?"

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara na sanduku la bei kubwa, na pesa mfukoni, na hakuna kitu kati ya hivyo kilichoweza kutoa sauti. Nikamwomba mwenyekiti, niliomba, sikuamuru: "Kijana wangu, niazime pikipiki yako."

Akanisogezea. Nikatafuta kidude chenyewe, sijui kiko wapi, akanishika kidole akakiweka juu yake. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ndogo kama ya mbuzi aliyepotea. Nikabonyeza tena, na sasa sikuachia. Nililia na honi ile, wenzangu, watu hawakujua ni ipi sauti yangu na ipi ya pikipiki.

Kisha moja ikajibu nyuma. Ile ya kukatika katika. Halafu zote.

Tulimpeleka hivyo mpaka kwenye geti, na kwenye geti wakazunguka, wakazunguka, kelele ambayo sijawahi kusikia maishani mwangu, ikajaza uwanja, na ukuta wangu wa mawe ukairudisha. Alisema atawasikia. Mimi naamini alisikia.

Basi, baada ya mazishi kamati ikakaa. Hawakunificha: sheria ilivunjwa, kila aliyepiga honi ana faini. Nikaenda na bahasha nene. Nikasimama kwa ile sauti yangu ya zamani nikasema honi zote zilikuwa zangu, nitalipa za wote, niandikieni risiti moja.

Mwenyekiti wa stage akakataa. "Hapana, Mzee. Kila mtu na honi yake. Mama alikuwa wetu pia."

Wakapanga foleni, vijana wale ambao siku nyingine hawapati hata za mafuta, kila mmoja akalipa yake kwa mama wa samaki. Na mimi nikaambiwa nipange foleni nyuma yao. Nikapanga. Sijui kama mnaelewa ninachosema. Tangu kimya kile kianze, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kati ya watu. Wa mbele yangu aligeuka akanipa pole, na miguu yake haikuondoka.

Siku hiyo hiyo sheria ikarekebishwa. Maiti akipita, honi ruhusa, na ya kuita abiria pia. Matusi bado ni faini, na wanalipa kweli, mwulizeni mama wa samaki. Stage imerudi kwenye kivuli changu. Alfajiri wananiamsha kwa honi, nami naanza kuzijua ni za nani. Kindoo nakishusha mwenyewe. Uji wangu wanasema una mabonge.

Namshukuru Mungu. Namshukuru naibu wa chifu aliyekataa kunipindishia sheria siku ambayo ningemlipa chochote. Namshukuru yule mama wa samaki, na vijana wa stage, ambao walinisaidia. Mimi nimesaidiwa na watu, andikeni hilo pia.

Kwa hiyo wekeni sheria yenu, ni jambo zuri, msiogope vijana. Lakini yule anayepiga kelele akiinua mkono kuomba kitu kimoja, muulizeni anakiombea nani kabla ya kumpigia makofi mzee mwenye ghorofa.

Mwenzenu mmoja aliniuliza pale mlangoni kama kweli nilitumia pesa nyingi kumaliza vita na stage. Askari wa kaunti, sanduku, ile bahasha, vyote hivyo havikumaliza kitu. Kilichomaliza nina risiti yake, naiweka ndani ya Biblia ya mke wangu: shilingi mia tano.