Obbo Phillip Anavua Kamba

Mombasa, 9 Novemba 2025. Ni mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke Busia kuja kubeba magunia huku. Mama Nasirumbi, mwenyekiti wa chama chetu cha wabebaji wa mpakani, amenitumia ujumbe wa sauti kwamba niandike maneno ya karatasi ya sherehe. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaandika kama ninavyojua.

Mzee Obbo Phillip ameitumikia barabara kuu ya Busia miaka thelathini na moja. Jumamosi, tarehe 29 mwezi huu, atafunga kazi arudi kijijini kwake Mella.

Kazi yake wageni huiona bila kuielewa. Mbele hukaa mtu asiyeweza kutembea, kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, akizungusha pedali kwa mikono. Mzigo uko nyuma ya mgongo wake. Nyuma ya mzigo kuna mtu wa kamba. Kwenye tambarare anasukuma. Barabara inapoanza kuteremka kuelekea geti la mpaka wa Kenya na Uganda, anajifunga kiunoni kamba iliyofungwa kwenye baiskeli na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote, la sivyo unga na mafuta ya kupikia vitamsukuma mwenye baiskeli mpaka chini ya lori. Obbo amekuwa mtu wa kamba wa Mama Alaso, mwenye baiskeli, tangu siku ya kwanza, na Mama Alaso hajawahi kugusa lori.

Walipoanza, barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Vijana wa baiskeli waliwavusha abiria kutoka geti moja hadi jingine wakiita "boda, boda", na jina hilo likasafiri mbali kuliko wao. Baadaye ikaja lami. Baada ya lami yakaja malori, yakapanga foleni mjini siku nzima na usiku kucha, madereva wakipika ugali chini ya matrela. Dereva mmoja alimtania Mama Alaso: "Mama, hii gari yako iko na namba?" Akajibiwa: "Iko nyuma. Inaitwa Obbo." Kuanzia hapo madereva walimwita Obbo Namba.

Ofisi za nchi mbili zilipowekwa pamoja, foleni ikaisha. Wengi tulifurahi, halafu tukaona kwamba waliokuwa wananunua chai, chapati na maji ya kuoga wamepita bila kusimama. Mji ulipungua sauti. Wakati wa korona mpaka ulifungwa kabisa kwa watu wa miguu. Obbo alikwenda Mella kulima, na kila akivuna mihogo aliileta Busia na kuigawa kwenye nyumba za watu wa baiskeli. Hakutaka kushukuriwa. Alisema mihogo ilikuwa inamjaza nyumba.

Siwezi kuacha habari ya jeneza. Barabarani kwetu jeneza likipita, mizigo inawekwa chini na hakuna anayesogea mpaka lipite. Siku moja Obbo aliona jeneza linakuja, akainua mkono. Barabara nzima ikasimama. Kofia zikavuliwa, akina mama wakashusha vikapu. Lakini lilikuwa jeneza jipya la dukani, limefungwa kwenye baiskeli ya Bwire, kijana wa seremala. Bwire naye alipoona watu wamesimama, akashuka, akavua kofia, akageuka nyuma kumtafuta marehemu. Basi tukabaki hivyo, sisi tunamngoja yeye apite, yeye anangoja msiba upite, malori yanapiga honi. Mwishowe Mama Alaso akasema: "Bwire, mwanangu, msiba ni wewe. Pita tukale." Obbo hakucheka siku hiyo. Alisema afadhali kumsimamia maiti ambaye hayupo kuliko kumpita aliyepo.

Sasa bega lake la kulia limechoka, na kwenye mteremko bega halidanganyi. Desturi ya chama ni kwamba anayeondoka humfunga kamba kiunoni yule atakayemfuata, mbele ya watu wote. Asipopatikana mtu, baiskeli inaegeshwa. Mama Nasirumbi ameniambia kwamba Mama Alaso amekwisha kuwakataa wawili. Mmoja alikuwa anavuta kamba kabla ya kufika mteremko, mwingine alikuwa anaangalia simu. Alipoambiwa apunguze masharti, alisema: "Mtu wa kunishika mgongo simwokoti njiani." Baiskeli hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mjukuu wake Joan.

Mwaka wa mwisho kabla sijaondoka, Obbo aliugua malaria, nikashika kamba yake wiki mbili. Mama Alaso hakunisifu hata mara moja. Lakini kila asubuhi alinikuta nimesimama nyuma ya mzigo, akaondoka bila kugeuka kuangalia. Huku Mombasa nabeba kwa ajili ya watu nisiowajua sura, na jioni mgongo unauma kwa sababu yao.

Mzee Obbo, kwa niaba ya wote uliowazuia wasianguke, asante. Mella ikupe mvua kwa wakati wake, na bega lako lisahau kazi. Umetembea nyuma miaka yote hii, sasa tangulia.

Nimekwisha kumwambia msimamizi wangu. Natoka hapa Alhamisi jioni, tarehe 27. Ijumaa nitakuwa Busia. Jumamosi, kabla ya hotuba, nitakuwa nimesimama nyuma ya baiskeli ya Mama Alaso. Akigeuka kuniangalia, nitaelewa nimekataliwa. Asipogeuka, Mzee, nifunge kamba.

Marvin Ojiambo