Sapu Tatu za Letisia

Kwenye benchi la nje ya duka la dawa za mifugo, pale Katesh, kahawa ilikuwa ya moto na ubishi wenyewe mbichi. Mzee Akonaay alikuwa amewasomea wenzake ujumbe wa binti yake Letisia, anayesoma mwaka wa pili chuoni Dodoma. Ana sapu tatu, mitihani ya kurudia: takwimu, uvuvi na sheria. Akifeli marudio anadisko, anarudi nyumbani bila cheti.

— Ni joto, akasema Hhando, mwenye duka, aliyeitwa Daktari kwa sababu ya sindano za ng'ombe. Kichwa cha Hanang kimezoea baridi. Dodoma kinachemka!

— Mbona yule kijana wa Nangwa alimaliza hukohuko? akauliza Yoakimu wa bodaboda. Yoakimu walimwita Waziri, maana uenyekiti wa mtaa aligombea mara mbili, akakosa zote.

— Yule alilala kichwa kikielekea mlimani. Letisia ageuze kitanda!

— Acha kitanda, Daktari. Takwimu nani alimchagulia?

— Mimi. Somo gumu lina ajira. Na uvuvi je, Waziri?

— Ziwa Basotu si tunalo? Nilitaka atufungulie macho!

— Na sheria?

Akonaay akakohoa.

— Ile kesi yangu ya mpaka wa shamba, nilidhani atanisaidia.

Sapu tatu, washauri watatu.

Mama mmoja wa Getanuwas, Scolastica, aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi, akasogea.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Samahani. Mdogo wangu chuoni alikuwa na mwalimu wa kumshauri masomo. Huyo wa Letisia anasemaje?

Waziri akatazama kikombe chake. Daktari akakumbuka kupanga chupa dukani. Akonaay aliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana jibu alilijua. Siku binti anaondoka alimwonya: ofisi ya mkubwa huingii mpaka uitwe, anayejipeleka ana kesi. Letisia ni mtoto msikivu. Miaka miwili ameupita mlango wa mshauri wake, hajabisha hodi hata siku moja.

Akatoa simu, akapiga hapohapo, mbele yao.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu. Yule mwalimu wako wa ushauri, nenda ukamwone leo.

— Ameniita, baba?

— Hapana, akasema Akonaay. Nenda hivyohivyo.