Marehemu Mama Mwiko, Aliyetupikia Sote

Wazee wetu, baba mkubwa, shangazi zangu, majirani na ninyi nyote mliokuja kutufuta machozi, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mwiko.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa nne wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993, na kwa kuwa ada ya sekondari haikupatikana, aliajiriwa jikoni kwenye bweni la chuo cha ualimu, akaanza kwa kuosha masufuria hadi akawa mpishi mkuu.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Katika ukoo huu hapakuwa na harusi wala msiba ambao hakuupikia, na chumvi hakuipima kwa kijiko, alidondosha mchuzi kiganjani, akaonja, akatikisa kichwa, akaonja tena, hata shangazi zangu wakamtania, "Wifi, utashiba kabla ya wageni!"

Machi 2022 aligundulika ana saratani ya koo, akachomwa mionzi, uvimbe ukapungua lakini ulimi ukafa, mchuzi na maji vikawa kitu kimoja kwake. Aliona aibu, mpishi kukosa ulimi, akaniambia mimi tu, ndipo nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, nikawa namwonjea.

Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, kwenye harusi ya mtoto wa baba mkubwa, nilitumwa maji, huku nyuma mama akatia chumvi, akasahau, akatia tena. Baba mkubwa, nasema haya kwa heshima, ulimpokonya mwiko mbele ya wageni ukamuuliza, "Shemeji, unataka kutuua?" watu wakacheka, na mchuzi ukamwagwa mtaroni naye akiangalia.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena kwenye jiko la mtu, na alipolazwa, waliokuja na chupa za uji walikuwa majirani, si sisi tuliokula mkononi mwake miaka yote. Jioni ya mwisho nilimpelekea wali usio na chumvi, kama daktari alivyoagiza, akala vijiko viwili, akasema, "Chumvi imekolea, mwanangu." Alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024 akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa uji, na wapishi wenzake waliopokezana kumuuguza.

Chakula cha leo nimekipika mimi, kwa sufuria lake na kwa mwiko wake, ambao baba mkubwa aliurudisha jana. Sikutia chumvi. Tukile kama alivyokila yeye, na tafadhali, kisimwagwe.

Mama, hakuna tena wa kukupokonya kitu, pumzika kwa amani.